Hakamu Kabla ya Talaka

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa nafsi moja, akatia baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema hata siku ya malipo.

Amma baada ya hayo. Jua, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa maneno ya karatasi hizi ni juu ya jambo moja, nalo ni mpangilio: hakamu hutangulia, talaka hufuata. Waume wengi wa pwani wameugeuza mpangilio huo. Mtu akighadhibika hutoa talaka kwanza, na hasira ikipoa ndipo awaitapo wazee. Wazee wakifika huikuta nyumba imekwisha anguka, hawana la kusuluhisha illa kugawa vyombo na kuamua watoto wavutwe upande gani. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mwenye kumwaga maji kisha akaita watu waje na vikombe hakuwaita kwa usuluhishi, amewaita waitazame hasara yake.

MPANGILIO ULIOAMRISHWA

Ukiitazama Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, utaona Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba khofu ya mfarakano iingiapo baina ya mume na mke, apelekwe hakamu mmoja katika watu wa mume na hakamu mmoja katika watu wa mke. Na ameahidi kuwa wakitaka kupatanisha, Yeye atawawafikisha. Lizingatiwe hilo neno khofu. Amri haikungoja mfarakano utimie, wala haikungoja ulimi utamke. Talaka haikutajwa kabisa katika aya hiyo. Hakamu hupelekwa wakati nyumba ingali imesimama na ufa ndio kwanza umeonekana ukutani.

Na walio bora katika umma huu walifanya hivyo. Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, amepokea kisa cha Akil bin Abi Talib na mkewe Fatima binti Utba. Babake mke, Utba, na ammi yake, Shaiba, waliuawa Badri wakiwa katika jeshi la makafiri, na bibi huyo alikuwa akiwataja kwa kujifakhiri. Siku moja Akil, hali amechoka, akamjibu kwamba atakapoingia Motoni atawakuta upande wake wa kushoto. Bibi akajifunga nguo zake, akenda kumshitakia Sayyidna Uthman. Sayyidna Uthman akacheka, kisha akawapeleka Ibn Abbas na Muawiya wawe hakamu. Ibn Abbas aliona afadhali watenganishwe. Muawiya alisema hawezi kuwatenganisha wazee wawili wa ukoo wa Abdi Manaf. Walipofika nyumbani wakakuta mume na mke wamekwisha patana, nao wakarudi.

Atazame mwenye akili. Tusi lile lilikuwa zito, nalo liliwagusa wafu. Lau Akil angalitanguliza talaka, hakamu wangalikuta jambo jingine. Kwa kuwa talaka haikutoka, ule muda wa kwenda na kurudi ulitosha kuwatuliza. Hii ni faida moja ya hakamu ambayo watu huisahau: kule kuwaita tu huipa hasira nafasi ya kushuka.

MFANO WA NYUMBA MOJA YA PITO

Mahali pa kulipima jambo hili vema si Mombasa wala Unguja, ambako mahakama ya kadhi ipo kwa sheria na mtu huifikia kwa miguu. Na lipimwe mahali pa mbali, kama Pito. Pito ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Nchi hiyo imeinuka kadiri ya mita 1,800 juu ya bahari, na baridi yake humshitua mtu wa pwani. Wenyeji ni Wafipa, wakulima wa mahindi, maharagwe na ulezi. Wengi wao ni Wakatoliki, na Waislamu ni wachache. Kutoka huko hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia ya gari.

Basi na upigwe mfano, usio wa mtu fulani ajulikanaye, bali wa hali zitokeazo. Mtu wa Tanga alipanda Ufipa kununua mahindi, akaoa Pito binti Mwislamu ambaye babake amekwisha kufa, na jamaa zake waliobaki ni wajomba, nao ni Wakristo. Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto wawili: binti ambaye sasa ana miaka 9, na mwana mwenye miaka 5. Mume hukaa Pito wakati wa mavuno, na miezi mingine hushuka pwani kuuza.

Mwaka mmoja biashara ilikuwa nzito. Mume akakaa pwani miezi sita, na masurufu hayakufika. Mke akauza magunia matatu katika yale mume aliyoyaweka ghalani. Habari ikamfikia mume kwa kinywa cha mtu wa kando, nayo kwa kupita vinywani ilikwisha ongezeka: kwamba mkewe anamalizia mali, na kwamba pana mtu anayempa fedha hizo. Mume hakuuliza. Akachukua simu yake akaandika maneno ya talaka, akayapeleka. Wiki ya pili akapanda Sumbawanga, akamtaka mwanawe wa miaka 5 ili ashuke naye pwani, akisema kuwa mtoto ni wa baba.

Sasa na aulizwe mtu huyo: lau wangalikaa hakamu wawili kabla ya maneno yale kuandikwa, wangaliuliza nini? Bila shaka wangaliuliza thamani ya magunia matatu imekwenda wapi. Nao wangaliambiwa: imekwenda katika unga, na mavazi ya watoto, na dawa ya mwana alipoumwa. Nao wangalikumbuka kwamba Hindi binti Utba alimshitaki mumewe Abu Sufiani kwa Mtume, sala na salamu zimshukie, ya kwamba hampi masurufu ya kutosha. Mtume akamruhusu atwae katika mali ya mumewe kadiri ya kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Basi mke wa Pito hakuiba. Alitwaa haki yake baada ya kucheleweshwa. Hayo maswali mawili na jibu moja yalikuwa yatosha kuiokoa nyumba ile, lakini hapakuwa na mtu wa kuuliza, kwani mwenye kisa ndiye aliyejifanya mdai, na shahidi, na kadhi, kwa kidole kimoja juu ya simu.

TALAKA YA HASIRA NA MATATA YAKE

Tena mtu huyo alijitia katika shaka asiyoijua. Kwa madhehebu ya Shafii, talaka iliyoandikwa na mtu awezaye kusema ni kinaya. Ikiwa hakuinuia, maandishi yale ni upuuzi. Na akiinuia, basi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi imepita. Kwa hiyo hali ya mke wa Pito imetegemea nia iliyokuwa ndani ya kifua cha mtu aliyekuwa kilomita 1,000 mbali naye, hali amejaa ghadhabu. Leo atasema alinuia, na kesho akijuta atasema hakunuia. Na mke ahesabu eda, au asihesabu? Aolewe, au asiolewe? Huo ni mzaha katika mambo ya Mwenyezi Mungu.

Na walio wabaya zaidi ni wale wanaotoa tatu kwa mara moja, wakidhani kuwa moja haitoshi kuonyesha ukali wao. Kwa madhehebu ya Shafii zote tatu hupita, na mlango hufungwa. Mwenyezi Mungu ameijaalia talaka iende kwa daraja: moja, kisha eda ya tohara tatu, nayo mke akae katika nyumba ile ile asitolewe, na mume amlishe, kwani yamkini baada ya hayo likazuka jambo jingine, nyoyo zikarudi. Eda ni mlango wa pili wa suluhu. Anayempakia mkewe vyombo siku ile ile na kumrudisha kwao ameuziba mlango huo kwa mkono wake, kisha hulalamika kwamba nyumba haikuwa na riziki.

HAKAMU NI NANI

Huenda mtu akasema: "Pito hapana kadhi, basi ni nani atakayeteua hakamu?" Na mwingine atasema: "Jamaa za mke ni Wakristo, basi aya haiwezi kufuatwa." Maneno yote mawili yana jawabu.

Wanazuoni wa Shafii wameshurutisha kwamba hakamu awe mtu mzima mwenye akili, Mwislamu, mwadilifu, mwenye kujua alilotumwa. Kuwa jamaa ni suna, si sharti. Hikima yake ni kwamba jamaa hujua siri za nyumba na huona uchungu ikivunjika. Basi mke wa Pito na amteue Mwislamu mwadilifu wa mji ule ambaye wajomba zake humwamini, na wajomba wenyewe wakae barazani wasikilizwe kama wajuao tabia ya mpwa wao na mashaka aliyoyapata. Kuwasikiliza hakuvunji sharti, na kuwafukuza huwafanya wamwone shemeji yao kuwa amekuja na hukumu mfukoni. Upande wa mume, kama jamaa zake hawawezi kupanda kutoka Tanga, na ateue mtu wa Sumbawanga amwaminiye, wala asichague rafiki wa kumpigia makofi.

Na katika kauli iliyo dhahiri zaidi, aliyoitaja Imamu Nawawi katika Minhaj, hakamu hao ni mawakili wa mume na mke. Hakamu wa mume hawezi kutoa talaka wala kupokea mali ya khului illa mume amempa idhini; na hakamu wa mke hawezi kuitoa mali ya mke illa kwa ridhaa yake. Kwa hiyo kwanza waulizwe wawili hao waziwazi: mmewapa wazee hawa mamlaka gani?

Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, alijiwa na mume na mke, kila mmoja na kundi la watu nyuma yake. Akawaamuru wateue hakamu wawili, akawaambia hakamu kwamba wakiona kheri kuunganisha waunganishe, na wakiona kheri kutenganisha watenganishe. Mke akasema ameridhia hukumu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu, imfae au imdhuru. Mume akasema, ama kutenganishwa, la. Sayyidna Ali akamkadhibisha, akamwambia hapana budi akiri kama alivyokiri mwenziwe. Imamu Shafii amekitaja kisa hiki. Na kisa hiki ni kioo cha barazani petu leo: aliyegoma si mke, ni mume, kwani alitaka suluhu itakayompa yeye tu.

SHERIA YA NCHI NAYO IMESEMA HIVYO

Tanzania bara haina mahakama ya kadhi yenye nguvu ya serikali. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, imezuia mtu asipeleke dai la talaka mahakamani kabla ya kuupeleka mgogoro wake katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ziko hali chache zilizotolewa, kama mtu aliyetoroka asijulikane alipo, au mwenziwe aliyekataa kwa kusudi kufika barazani. Sheria hiyo imetaka pawe na Baraza katika kila kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala wasiozidi watano. Tena imeruhusu jumuiya za dini ziwe na mabaraza yao, na ndiyo sababu Bakwata nayo husuluhisha. Wakili wa mahakama haruhusiwi kumsemea mtu mbele ya Baraza; na asiye jamaa hamsemei mtu illa kwa ruhusa ya Baraza. Likishindwa, Baraza hutoa hati, na dai la talaka hufunguliwa pamoja na hati isiyopitiwa na miezi sita.

Wako waume wasemao kwamba hayo ni ya serikali, si ya dini. Na watazame vema. Kifungu cha 107 kimesema kwamba kwa waliooana kwa Kiislamu, Baraza likiisha kutoa hati ya kushindwa, kisha mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sharia ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama huitoa amri ya talaka. Yaani usuluhishi kwanza, talaka baadaye. Aliyetunga sheria hiyo hakuwa akifasiri Kurani, walakini mpangilio umelingana. Basi mume wa Tanga aliyetanguliza maneno ya simu ameikosa njia mara mbili: ameukosa mpangilio wa Mola wake, na ameukosa mpangilio wa nchi anayofanyia biashara. Mke wake huyo, mbele ya mahakama ya Sumbawanga, angali mke wake, na madai yake ya masurufu yangali juu ya shingo ya mume.

Na hapa ndipo Pito ilipo na neema isiyojulikana. Baraza la kata li karibu, wazee wajuana, na mtu hahitaji nauli ya kwenda kwa kadhi wa mbali. Asemaye kwamba ameitoa talaka kwa kuwa hakupata wa kumsuluhisha, udhuru wake haukubaliki.

WATOTO SI NGAWIRA

Sasa yaja yaliyo mazito kuliko yote. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Na katika talaka nyasi ni watoto.

Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume, sala na salamu zimshukie, alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, binti mdogo wa Sayyidna Hamza, aliyekwisha kufa shahidi, alimfuata akimwita ammi. Sayyidna Ali akamshika mkono. Kisha watu watatu wakamgombania, na wote watatu ni watu wa Peponi. Ali akasema, ni binti wa ammi yangu na mimi ndiye niliyemtwaa. Jaafar akasema, ni binti wa ammi yangu na khalati yake ni mke wangu. Zaidi akasema, ni binti wa ndugu yangu, kwa ule udugu waliofungwa yeye na Hamza. Mtume akamhukumia khalati, akabainisha kuwa khalati yu mahali pa mama. Kisha akamgeukia kila mmoja wa wale watatu akampa neno jema: Ali akaambiwa yeye na Mtume ni wamoja, Jaafar akaambiwa amefanana naye kwa umbo na tabia, na Zaidi akaambiwa yu ndugu na mwandani wao.

Katika hukumu ile mna mafunzo mawili. La kwanza, hawakuulizwa ni nani mwenye nguvu, ilitazamwa ni wapi mtoto atapata huruma ya mama. La pili, aliyekosa mtoto hakuondoka na fedheha. Hakamu ajuaye kuamua tu bila ya kuliwaza amefanya nusu ya kazi.

Na hukumu za madhehebu ni hizi. Mama ndiye mwenye haki ya kumlea mtoto hata afikie umri wa kupambanua, nao kwa kawaida ni miaka 7 au 8, madhali hajaolewa na mume mwingine. Baada ya hapo mtoto, wa kiume au wa kike, hupewa khiari baina ya babake na mamake. Mwana akimchagua mama, hulala kwa mama na mchana huwa kwa baba ili amfundishe na kumpeleka chuoni. Na akimchagua baba, baba hana ruhusa kumzuia asimzuru mama. Masurufu katika hali zote ni juu ya baba. Sheria ya Ndoa nayo, kifungu cha 125, imetanguliza maslaha ya mtoto, na imekadiria kuwa aliye chini ya miaka 7 ni kheri awe na mama, illa ithibitike vingine. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwenda njia hiyo hiyo.

Mume wa Tanga, akiwa amesoma kidogo, ataleta hoja mbili. Ya kwanza atasema: wanazuoni wametaja kwamba baba akihama, yeye ndiye mwenye haki ya kwenda na mtoto, ili nasaba isipotee. Kweli wametaja, kwa sharti njia iwe ya amani na mji aendao uwe wa amani. Lakini wametofautisha baina ya safari ya kuhama na safari ya haja. Asafiriye kwa biashara akarudi si mwenye kuhama, na mtoto hubaki kwa yule akaaye mjini. Mtu ambaye kila mavuno yu Pito, na ghala yake i Sumbawanga, amehama lini? Na akidai kwamba amehama, huapishwa. Basi na aufikiri ule uapo kabla ya kumpandisha mtoto katika basi la alfajiri.

Hoja ya pili atasema: mtoto akibaki Pito ataishi kati ya wajomba Wakristo, dini yake itapotea. Khofu ya dini si jambo la kupuuzwa, na madhehebu yameshurutisha kwamba mlezi wa mtoto Mwislamu awe Mwislamu. Lakini mama huyu ni Mwislamu, sharti imetimia, na dini ya wajomba haimwondolei haki yake. Aliyemwoa alijua ni binti wa nani, na siku ya harusi alikula chakula chao asione khofu. Basi kama khofu ni ya kweli, dawa yake inajulikana: na alipe mwalimu, anunue msahafu na juzuu, apige simu kila Ijumaa amsikilize mwanawe akisoma. Baba anayetaja dini siku ya kumnyang'anya mama mtoto, naye mwaka mzima hakulipa ada ya chuo, ameifanya dini kuwa fimbo.

Na Mwenyezi Mungu ameyakata yote hayo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, alipokataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe.

YANAYOPASA KUANDIKWA KATIKA SULUHU

Suluhu ya mdomo husahauliwa na pande mbili, kila mmoja akisahau lililo juu yake. Basi ikiwa hakamu hawakuweza kuunganisha, na wameafikiana kutengana kwa wema, na yaandikwe haya mbele ya mashahidi: mtoto alale kwa nani, baba alete kiasi gani, siku gani ya mwezi, na kwa njia gani, ada ya skuli na ya chuo ilipwe na nani, likizo mtoto ashuke pwani siku ngapi, na nauli ya nani, na nani amsindikize, akiugua, nani ajulishwe kwanza, na mama akiolewa, mambo yafikiriwe upya kwa mashauri, si kwa kuvamia. Na mtalikiwa asisahauliwe mutaa, yaani kitu cha kumliwaza, kwa kadiri ya wasaa wa mume.

Kwa nyumba ya Pito, suluhu yamkini ikawa hivi: mwana wa miaka 5 abaki kwa mama, binti wa miaka 9 aulizwe kwa upole, faraghani, bila ya babake wala mamake kumkazia macho, wakati wa mavuno baba awapo Pito, watoto wawe naye mchana, na likizo ndefu washuke Tanga wawajue bibi yao na shangazi zao. Hapo hapana aliyepata yote. Lakini hapana aliyepotewa na mtoto, na watoto hawakupotewa na mzazi. Haya hayapatikani kwa hukumu ya mabavu. Hupatikana kwa watu waliokaa mkekani wakasikilizana.

SULUHU SI KULAZIMISHA

Akhiri, na waonywe wazee. Wako wadhanio kwamba kazi ya hakamu ni kumrudisha mke kwa hali yoyote, hata akiwa na alama za kipigo mwilini, kisha husema wamesuluhisha. Hiyo si suluhu, ni kumkabidhi mdhulumiwa mikononi mwa dhalimu wake. Na Mwenyezi Mungu amekataza kuwazuia wanawake kwa kuwadhuru.

Barira alipoachwa huru na utumwa alipata khiari ya kumwacha mumewe Mughithi, naye akaichukua. Mughithi alikuwa akimfuata katika njia za Madina, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume akamwonea huruma, akamwambia Barira lau angalimrudia. Barira akauliza kama ile ni amri. Mtume akajibu kwamba yeye anashufaia tu. Barira akasema hana haja naye, na Mtume akamwacha. Ikiwa mbora wa viumbe alishufaia asilazimishe, mzee wa mtaa amepata wapi ubavu wa kulazimisha?

NASAHA

Basi mume aogopaye Mola wake, ajapo kuona ufa katika nyumba yake, na ayafanye manne. Azuie ulimi wake na kidole chake mpaka awe amekaa na watu. Ateue mwadilifu, naye mkewe ateue wake, kabla ya habari kuenea barazani. Akubali kusikia lililo juu yake kama atakavyo kusikia lililo lake. Na wakitengana, asimfanye mtoto kuwa njia ya kumlipiza mamake, kwani mtoto huyo atakua, naye atajua.

Na aliyeko mbali, Pito au penginepo, asingojee kadhi. Hakamu wawili waadilifu na nia ya kupatanisha ndiyo mali yenyewe, na Mwenyezi Mungu amekwisha ahidi tawfiki kwa wenye nia hiyo.

Ewe Mola, zitengeneze nyumba za Waislamu, uzitie nyoyo zao upole, uwalinde watoto wao na ugomvi wa wazazi wao, na uwajaalie wasuluhishi wao kuwa waadilifu. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.